Kila Chombo kwa Wimbile: Tanzu za Michezo ya Video na Mikono Inayoicheza

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kila chombo kwa wimbile. Jahazi huvuka bahari kuu, lakini likiingizwa mikokoni hukwama. Mtumbwi hupenya mikoko kwa wepesi, lakini bahari kuu huumeza. Hakuna baharia mwenye busara amtukanaye mwenye mtumbwi kwa kutofika Bara Hindi. Hata hivyo, miongoni mwa vijana wanaocheza michezo ya video, matusi ya namna hiyo yamekuwa ada. Anayecheza kwa kompyuta hujiona mwanafikra, na humwona mwenzake wa konsoli kuwa mtoto wa kubofyabofya vitufe. Naye wa konsoli humwona yule wa kompyuta kuwa mpweke aliyejifungia chumbani. Wazee nao huwalaani wote kwa pamoja. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni hili: je, ni mchezaji anayeuchagua utanzu, au ni chombo kinachomchagulia?

Yafaa kwanza vyombo vyenyewe vitazamwe. Kibodi kamili ya kompyuta ina vitufe zaidi ya 100, na kando yake kuna kipanya ambacho huelekeza mshale mahali popote kwenye skrini kwa mpigo mmoja. Mchezaji huketi peke yake, macho yakiwa karibu na skrini, hivyo anaweza kusoma maandishi madogo na ramani zilizosheheni alama. Konsoli, kwa upande wake, ni kisanduku kinachounganishwa na runinga. Mchezaji hukaa mbali kidogo, mara nyingi ubavuni mwa mwenzake, akiwa na kidhibiti mikononi: vijiti viwili, vitufe vichache, na vidole gumba vinavyofanya kazi kubwa. Tofauti hizi zaonekana ndogo, lakini ndizo zilizozaa tanzu.

Ushahidi wa kwanza ni wa kale. Mwaka 1962, vijana katika taasisi ya MIT nchini Marekani waliunda Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana, kwenye kompyuta ya PDP-1. Swichi za kompyuta hiyo hazikuufaa mkono uliokuwa vitani, na baadhi ya vijana hao wakatengeneza visanduku vidogo vya kuchezea. Hivyo, konsoli za nyumbani zilikuwa bado hazijazaliwa, lakini mkono ulikuwa umekwisha kudai chombo chake.

Utanzu wa mikakati ndio unaoonyesha vyema nguvu ya kompyuta. Dune II ya mwaka 1992 iliweka msingi wa michezo ambamo mchezaji hujenga kambi, huchimba mali na kuongoza majeshi kwa wakati mmoja. StarCraft ilipotoka mwaka 1998, ilishika mizizi nchini Korea Kusini hata wachezaji wakawa na ligi za kulipwa, na mabingwa wakafikia vitendo zaidi ya 300 kwa dakika. Kasi hiyo haipatikani pasipo kipanya na kibodi. Mchezo huo ulipohamishiwa Nintendo 64 mwaka 2000, mshale uliokuwa ukiruka ukalazimika kutambaa kwa kusukumwa na kijiti. Waliofaulu zaidi katika uhamishaji ni wale waliokubali kupunguza. Civilization, iliyozaliwa kwenye kompyuta mwaka 1991, ilipata mwaka 2008 ndugu aliyeitwa Civilization Revolution, aliyeandikwa upya kwa ajili ya konsoli, mfupi na mwepesi kuliko kakaye.

Kinyume chake, michezo ya kurukaruka kama Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na ya ngumi kama Street Fighter II ya mwaka 1991, huutegemea mwili. Katika Street Fighter II, pigo maarufu hutoka pale mkono unapozungusha kijiti robo duara na kisha kubofya kitufe kwa wakati barabara. Huo ni utungo wa vidole, na una mapigo yake kama ngoma. Ukitungwa kwa kibodi ya maandishi, mapigo huelekea kupotea. Kandanda nayo ni vivyo hivyo, ndiyo maana wengi wanaoicheza kwa kompyuta huichomeka kidhibiti cha konsoli.

Kuna utanzu mmoja, hata hivyo, uliohama na kufaulu. Michezo ya kufyatua risasi, ambamo mchezaji huona kwa macho ya mhusika, ilitukuka kwenye kompyuta kupitia Doom (1993) na Quake (1996). Wengi waliamini kwamba kulenga shabaha bila kipanya ni kutwanga maji kinuni. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 ilijibu kwa kuwaketisha marafiki wanne mbele ya runinga moja iliyogawanywa mara nne. Kisha Halo ya mwaka 2001 ikakamilisha tafsiri: kijiti cha kushoto kikatembea, cha kulia kikatazama, silaha zikapunguzwa hadi mbili kwa wakati mmoja, na programu yenyewe ikamsaidia mchezaji kimyakimya kulenga shabaha. Mfasiri yeyote wa fasihi aitambua mbinu hiyo: hakuhamisha neno kwa neno, bali alitafuta kile ambacho lugha pokezi ingeweza kukibeba.

Mazingatio haya yana uzito hata mitaani Nairobi. Katika vibanda vya PlayStation, vijana hulipa kwa mechi au kwa dakika. Runinga ni moja, benchi ni moja, na foleni ni ndefu. Anayeshindwa humpokeza mwingine kidhibiti, huku umati ukitangaza mechi kama watangazaji wa redio. Kandanda na ngumi hutawala humo. Mpita njia huhitimu haraka kwamba vijana hawa hawana subira ya michezo ya kufikiri. Hukumu hiyo ni ya pupa. Mchezo wa mikakati huhitaji kila mpiganaji afiche jeshi lake, yaani kila mmoja awe na skrini yake. Na pambano moja laweza kula saa nzima. Nani atalipia saa hiyo, na walio foleni wangoje wapi? Si akili iliyopungua kibandani, ni skrini na sarafu. Aidha, atakayesikiliza hoja za umati ule kuhusu mpangilio wa mabeki atapata mikakati tele. Imehamia mdomoni tu.

Leo mipaka imelegea. Steam Deck ya mwaka 2022 ni kompyuta yenye umbo la konsoli ya mkononi, nazo konsoli kadhaa hukubali kibodi na kipanya katika baadhi ya michezo. Lakini kulegea kwa mipaka hakujafuta kanuni. Kila utanzu bado hubeba alama ya mkono ulioulea.

Wanafunzi wa fasihi wana la kujifunza hapa. Ngano iliyotambwa usiku, mbele ya hadhira inayoitikia, hudunishwa inapopimwa kwa mizani ya riwaya inayosomwa kimya na mtu mmoja. Marudio yake huitwa udhaifu, ilhali ndiyo yaliyoipa hadhira nafasi ya kuingia. Mhakiki anayeanza na swali la nani mwerevu zaidi atakuwa amekosea njia tangu hatua ya kwanza. Na aanze na chombo: kilishikwa na mkono gani, kiliwekwa wapi, na nani aliketi kando? Akishajibu hayo, na auhukumu utungo apendavyo.