Kiondo Jukwaani

Mwaka jana nilihudhuria maonyesho ya mitindo jijini Nairobi: mavazi na mikoba isiyotumia ngozi wala sufu ya mnyama. Kiondo cha katani kilipopandishwa jukwaani, mshereheshaji alikiita uvumbuzi. Kinaya hicho, msomaji, kilinichoma.

Mimi ni mzaliwa wa Mbooni. Nyanya yangu aliisokota katani pajani, na viondo vyake vilibebwa mgongoni kwa mshipi wa kamba uliopita kwenye paji la uso. Mikanda ya ngozi ilikuja baadaye, kulipendezesha soko la ng'ambo. Nilipoingia kidato cha kwanza alinisukia kimoja. Nilikificha uvunguni, nikaondoka na begi la ngozi bandia, lililochanika kabla ya muhula kwisha. Nyanya hakuniuliza. Sasa vidole vyake vimekakamaa, hasuki tena.