Samaki Hana Flashi

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wasafiri huvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache, wala hawangojei tena kivuko. Wapitapo juu huona maji tu. Sisi tukaao Busisi tulitaka watoto wetu wajue yaliyomo chini yake.

Binti yetu aliwatazama furu juu ya meza ya muuza samaki, akauliza kwa nini wote ni wa kijivu. Babu yake akamjibu: “Mjukuu wangu, hao wamekwisha kufa. Furu aliye hai ana rangi kama kanga.” Jawabu hilo likatupa kazi.

Watoto hatuwaruhusu kuingia ziwani, kwa kuwa kuna kichocho na mamba. Basi kamera ndogo isiyopenya maji tuliifunga kwenye ufito, tukaitega ijipige yenyewe kila baada ya sekunde chache, tukaishusha kutoka mtumbwini. Shida ni mwanga. Flashi ya kamera hukaa karibu mno na lenzi. Katika maji ya tope huangaza kila chembe iliyo mbele yake, na picha hujaa ukungu. Dawa yake ni kuitenga taa. Tulifunga flashi mbili za nje juu ya mikono ya bomba la plastiki, kila moja shibiri mbili kutoka kwenye lenzi, tukazigeuza nje kidogo ili ukingo wa mwanga ndio umguse samaki. Flashi ya kamera tuliifunika kwa mpira mweusi, mwanga wake ukapita ndani ya uzi wa faiba kuziamsha zile mbili. Kipande cheupe cha dumu kilitosha kuulainisha mwanga.

Akatokea dume mwenye mgongo mwekundu na milia myeusi ubavuni. Babu alitabasamu, hakusema neno.

Rangi ile si pambo tu. Miongoni mwa furu wa ghuba hii wamo wale ambao wataalamu huwaita Pundamilia. Aina moja, Pundamilia nyererei, ina jina la Mwalimu Nyerere. Dume wake ni mwekundu, na dume wa aina iliyo jirani naye ni wa buluu; jike humtambua mwenziwe kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walieleza kwamba maji yakichafuka, rangi hufifia, majike hushindwa kupambanua, na aina huchanganyika hadi kupotea. Sangara, aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwala furu wengi. Lakini tope hili latoka kwetu nchi kavu: udongo wa mashamba, mbolea na maji taka.

Sisi twaweza kuisogeza taa kando. Samaki hana flashi. Hutegemea jua na usafi wa maji. Ndiyo maana mwaka huu, pamoja na watoto, tumepanda matete kwenye ukingo wa shamba letu, mvua isiushushe udongo ziwani. Enyi wazazi wenzetu wa pwani ya ziwa, kila nyumba na itazame mfereji wake unaelekea wapi.