Safari ya Moshi: Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Tazama Dawati

Anayetoka Tanga kwenda Moshi huiacha bahari nyuma, akapita mashamba ya mkonge hadi Segera, kisha barabara ikamgeuza kaskazini. Milima ya Usambara humsindikiza upande wa kulia, nayo ikiisha humkabidhi kwa milima ya Upare. Mombo, Same na Mwanga hupita dirishani mpaka Himo. Tuliishika njia hiyo watu wanne: wajumbe wawili wa kamati ya msikiti, mzazi mmoja wa mtaa wetu, na mwanawe wa miaka 8. Mkono wa kulia wa mtoto huyo umekakamaa tangu uchanga kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Alikuwa darasa la pili, naye hajaweza kuandika mstari mmoja ukasomeka. Baba yake alikuwa amekwisha azimia kumtoa shuleni. Kamati ikamwomba asubiri hadi mtoto aonwe na wataalamu.

Hospitali ya KCMC iko nje kidogo ya mji, chini ya Mlima Kilimanjaro. Ilifunguliwa mwaka 1971, na katika eneo lake mna chuo kinachofundisha taaluma ambayo wengi hawaijui hata kwa jina: tiba kwa vitendo. Aghalabu huchanganywa na fiziotherapia, na kweli ni ndugu. Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulika zaidi na misuli, viungo na mwendo. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na swali jingine: mtu huyu anahitaji kufanya nini katika siku yake, na ni kitu gani kinachomzuia? Kwa mtoto, siku hiyo ni kuvaa, kula, kujisafisha, kucheza na kusoma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii haikamiliki hospitalini. Sharti imfuate mtoto darasani.

Mtaalamu aliyempokea kijana wetu alikuwa na zamu, kesho yake, ya kuzuru shule moja ya msingi ya serikali yenye kitengo cha elimu maalumu. Kwa idhini ya mwalimu mkuu tukafuatana naye. Tulitazamia mashine, mkobani mwake mlikuwa na vipande vya mpira wa baiskeli, utepe wa kunata, kadibodi ngumu na futi kamba.

Alisimama nyuma ya darasa kipindi kizima cha Kiswahili, akitazama tu. Kisha akaanza. Binti mmoja aliyeonekana mtundu, hatulii kitini, alikuwa na miguu isiyofika sakafuni; kila alipoinama kuandika aliteleza. Akawekewa matofali mawili chini ya nyayo, akatulia. Mvulana aliyekuwa akivunja penseli alizungushiwa kipande cha mpira juu yake, ikanenepa, vidole vikapata pa kushika. Mwingine, aliyeziba masikio kila darasa lilipoitikia kwa pamoja, alihamishwa kutoka katikati akaketi pembeni, karibu na mwalimu. Chooni tulionyeshwa ubao uliopigiliwa ukutani wa kushikia. “Pasipo na ubao kama huu,” akatuambia, “mtoto huacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kuja huku. Mwishowe huacha kuja shule.”

Kila alipobadilisha jambo, alimwita mwalimu akamweleza sababu yake. Yeye hufika kwa zamu, na mwalimu ndiye aliye na watoto kila siku; asiloweza kuliendeleza mwalimu mwenye darasa lililojaa, alisema, si tiba ya shule.

Ikafika zamu ya kijana wetu. Karatasi yake ilibandikwa kwa utepe juu ya dawati ili isikimbie. Mkono wa kulia ukapewa kazi ya kuikalia karatasi, na kalamu ikatiwa katika mkono wa kushoto. Hapo baba yake akainuka.

“Binti yangu, mkono wa kushoto? Nyumbani tumemkataza tangu anatambaa.”

Mtaalamu hakumjibu, alitugeukia sisi. Tukamwambia mzee kwamba adabu ya kutanguliza kulia ni ya mwenye kuuweza mkono huo, na kwamba sharia haimtwishi mtoto asichokiweza. Akaketi, ila hakuridhika mara moja. Akauliza, “Je, mkono wenyewe utapona?”

“Baba, sitakuahidi hilo,” alijibu. “Tutaufundisha kusaidia: kushika daftari, kufunga vifungo, kushika chombo anapotawadha. Lakini maandishi yatatoka huku kushoto.”

Mtoto aliandika jina lake. Herufi zilipinda, mbili zikageuka, lakini jina lilisomeka, na baba yake ndiye aliyelisoma kwa sauti.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu iliitaja tiba kwa vitendo miongoni mwa huduma ambazo shule ya umma humpatia mtoto anayezihitaji ili asome, bila mzazi kulipa. Kwetu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyo kusoma pamoja na wenzake. Upungufu uliopo ni wa watu: wataalamu hawa ni wachache, na wengi wao wako hospitalini, mbali na madawati. Mtoto asiyefikiwa huitwa mvivu, au mtundu, au asiyefundishika, na hurudishwa nyumbani bila mtu kuinama kutazama kama miguu yake inagusa sakafu.

Tulirejea Tanga na ukurasa mmoja wa maelekezo kwa mwalimu. Mzee aliupeleka shuleni kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto yuko darasani; anaandika polepole, na bado huachwa nyuma mwalimu anapofuta ubao mapema. Kamati imeiandikia ofisi ya elimu kuomba mtaalamu azuru shule zetu walau mara moja kila muhula, na jibu tunalingoja. Wakati huohuo, mzazi mwenye mtoto aliyezuiliwa nyumbani kwa sababu kama hizi na afike ofisi ya msikiti baada ya sala ya Alasiri. Nakala ya ukurasa ule ipo, na njia ya kuomba rufaa ya hospitali tutamweleza.