Presha yangu, zege la usiku na sahani ya mzee

Nimekuwa kimya muda mrefu. Wapo walioniuliza kama nimeoa, nimefukuzwa kazi au nimekwenda ughaibuni. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa vitani na chipsi mayai. Msicheke kwanza.

Basi bwana, ilikuwa Septemba 29, 2023, Siku ya Moyo Duniani. Mhariri akanipangia kwenda kuandika habari ya upimaji wa presha bure, kwenye viwanja fulani hapa Dar es Salaam. Ni zile kazi ambazo mwandishi anaijua habari kabla hajafika: mgeni rasmi atachelewa, hotuba itakuwa ndefu, kisha utaandika kwamba wananchi wametakiwa kujenga utamaduni wa kupima afya zao. Mpiga picha wetu alikuwa anatafuta mtu wa kumpiga akiwa amefungwa kile kitambaa mkononi. Wazee wengi hawakutaka sura zao zitoke gazetini. Akaniambia, "Kaa wewe, tutakata kichwa." Nikakaa.

Muuguzi akaitazama mashine, halafu akanitazama mimi. "Kaka, umetoka kukimbia?"

Nikamwambia nimekaa chini ya turubai tangu asubuhi namsubiri mgeni rasmi. Akaniambia nitulie dakika 5, nisiongee, nisikunje nne. Akapima tena. Mara ya kwanza ilikuwa 152 kwa 98. Mara ya pili 148 kwa 96. Nilikuwa na miaka 27.

Jioni nikarudi chumba cha habari, nikaandika kwamba watu wengi wanaishi na presha bila kujua. Sikuandika kwamba mmoja wao ndiye aliyekuwa anaiandika habari hiyo.

Mtu mwingine angepuuza. Mimi sikuweza, kwa sababu ya mzee wangu.

Mzee alikuwa dereva wa malori, njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kwa zaidi ya miaka 20. Nyumbani kwetu Morogoro mama alipika mchicha, maharage, dagaa, lakini mzee alikuwa nyumbani siku nne au tano kwa mwezi. Siku nyingine zote alikula njiani. Supu Chalinze, nyama choma Mikumi, chipsi Iringa, wali nyama Makambako. Sisi watoto tuliona fahari. Baba anakula hotelini kila siku! Mwaka 2012 akaambiwa ana presha, akapewa vidonge. Akavimeza miezi michache, akajiona mzima, akaviacha. Mwaka 2016, akiwa na miaka 51, akaanguka kwa kiharusi. Mkono wake wa kulia haujarudi mpaka leo. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuo. Likizo ile nilijifunza kumnyoa ndevu baba yangu.

Kwa hiyo ile 152 ilikuwa na sura ya mtu ninayemfahamu.

Nikaenda hospitali. Daktari akaniambia kipimo cha siku moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, maana presha hupanda kwa hofu, kwa kahawa, hata kwa kubana mkojo. Akaniambia nipime asubuhi na jioni kwa wiki nzima na niandike. Nikaandika. Wastani ukawa juu ya mstari. Si mbali sana, lakini juu. Ndipo akauliza swali rahisi: "Unakula nini kwa siku?"

Jamani, mimi ni mwandishi. Nimezoea kuuliza, sijazoea kuulizwa. Nikamweleza. Naishi chumba kimoja Sinza, sina jiko. Asubuhi supu na chapati mbili. Mchana wali nyama kwa mama lishe nyuma ya ofisi, na soda. Kukiwa na semina ni bufee ya hotelini, na mnajua waandishi na bufee. Usiku tukimaliza kurasa saa nne, ni zege na mishikaki mitatu kwa kijana wa pale kona. Wikiendi nyama choma. Daktari akaacha kuandika. "Kwa wiki unakula nyumbani mara ngapi?" Nikasema, "Daktari, nyumbani ni Morogoro."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Nilidhani nimerithi damu ya mzee tu. Kumbe nimerithi na sahani yake. Yeye alikula barabarani kwa sababu ya lori, mimi nakula barabarani kwa sababu ya gazeti.

Daktari akanipa miezi mitatu nijaribu kubadili chakula na kutembea, huku napima, kabla ya kuamua habari ya vidonge. Akasisitiza kwamba huo ni uamuzi kwa hali yangu mimi. Aliyekwisha kuandikiwa dawa asiziache eti kwa sababu ameanza kula mchicha. Nilimwambia hilo nalijua vizuri kuliko anavyofikiri.

Wiki ya kwanza nikafanya makosa ya msomi. Nikasoma kila kitu, nikanunua bakuli la plastiki, nikatangaza ofisini kwamba sili tena nje. Siku ya tatu nikawa nimekaa kwa kijana wa chipsi saa tano usiku, nimeinamisha kichwa. Mtu asiye na jiko hawezi kuacha kula nje. Anachoweza ni kujifunza kuagiza.

Na katika kuagiza, kubwa la kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni chumvi yote, pamoja na ile iliyo ndani ya mchuzi, supu, chapati na viungo vya pakiti. Chumvi ikizidi, mwili hushika maji, damu huongezeka ndani ya mishipa ileile, na moyo husukuma kwa nguvu zaidi. Mishipa hukakamaa polepole na haiumi. Ndiyo maana mzee alijiona mzima.

Nikaanza kuchunguza sahani kama ninavyochunguza taarifa ya matumizi ya halmashauri. Ugali hauna chumvi. Ndizi ya kuchoma haina chumvi. Pilau na chapati zimekuja na chumvi yake na mafuta yake, huwezi kuvitoa. Chipsi, ajabu ni kwamba chumvi hunyunyizwa mwishoni, mbele ya macho yako. Ukisema mapema, unapata bila. Supu ndiyo hatari, kwa sababu unainywa yote halafu unaongeza ya mezani kabla hujaonja. Sisi karibu wote tunaongeza kabla ya kuonja. Mchunguze mwenzako kesho asubuhi.

Kibarua kilikuwa kwa yule mama wa nyuma ya ofisi. Nilikuwa nimekula kwake miaka miwili. Siku hiyo nikamwamkia, nikaanza kwa kuzungukazunguka: "Mama, leo naomba mchuzi kidogo, mboga za majani mara mbili, na kama inawezekana chumvi ipungue."

Akashusha upawa. "Mwanangu, chakula changu kimekuwa kibaya?"

Watu wote kwenye benchi wakageuka. Nikatamani ardhi ipasuke. Nikaona bora niseme ukweli, nikamweleza ya presha na ya mzee. Akanyamaza, kisha akasema na yeye anayo, ana vidonge ndani ya pochi. Anatia chumvi kwa sababu akipunguza, wateja wanahamia kwa jirani. Akaniambia nije kabla ya saa sita, ataniwekea maharage pembeni kabla hajatia chumvi ya mwisho. Tangu siku hiyo nina kibakuli changu pale. Sasa tuko watatu tunaokula kutoka sufuria ya pembeni, na mmoja wetu ni mhariri wangu. Maharage, mchicha, matembele na ndizi vina madini ya potasiamu, yanayousaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi. Mwenye tatizo la figo amwulize daktari wake kwanza, kwake potasiamu ni jambo jingine. Mwaka 1997 Wamarekani walichapisha matokeo ya utafiti uitwao DASH, ulioonyesha kwamba matunda mengi, mboga nyingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi hushusha presha. Nilisoma orodha ile nikacheka. Ukiacha maziwa, nyingi ya ile ni sahani ya mama yangu pale Morogoro, ile ambayo mzee hakuwepo kuila.

Cha pili ni mafuta. Hapa watu wengi hufikiri tatizo ni wingi tu, lakini na aina nayo inahusika. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu. Ya nazi ni zaidi ya robo tatu. Ya alizeti, yale ya Singida na Dodoma, sehemu kubwa ni ya aina iliyo rafiki zaidi kwa moyo. Sasa nauliza: "Kaka, unakaangia nini?" Wengine hunijibu vizuri, wengine huniuliza kama natoka TBS. Nayatazama karai lenyewe pia. Mafuta yakiwa meusi na yanatoa povu, yamekaangia watu wengi kabla yangu, nami naaga kwa heshima.

Zege sijaliacha, nisiwadanganye. Lilikuwa la kila usiku, sasa ni mara moja kwa wiki, bila chumvi na kachumbari nyingi juu. Usiku mwingine kijana yuleyule ananichomea ndizi mbili na mishikaki miwili kwenye mkaa uleule. Bei haipishani sana. Jiko lake lilikuwa na chakula changu siku zote, mimi ndiye nilikuwa siangalii upande wa pili wa karai.

Cha tatu ni soda. Chupa ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, ambayo ni vijiko vya chai tisa. Nani anatia vijiko tisa kwenye kikombe chake? Nimehamia maji. Hili lilikuwa rahisi kuliko yote, na linabakiza hela ya parachichi.

Kwenye nyama choma tatizo si jiko, jiko la mkaa halina ubaya kama karai. Tatizo ni kilo mbili kwa watu watatu, ule mlima wa chumvi pembeni ya pilipili, na bia za kusindikiza. Sasa naagiza kuku au samaki, kuku namvua ngozi, chumvi naitosa kando na nakamulia ndimu. Wenzangu walinisimanga sana. "Umeokoka?" "Nani kakuroga?" Mmoja akasema nakula kama mgonjwa. Nikamjibu nakula hivi ili nisije kulishwa kama mgonjwa. Kimya kikapita pale mezani, kwa sababu wanamjua mzee wangu.

Na bufee za semina? Nazunguka meza mara moja mikono mitupu kabla ya kushika sahani. Mboga kwanza, samaki, halafu wanga kidogo. Ukianza na pilau, mboga hazipati kiwanja.

Baada ya miezi mitatu nilirudi hospitali: 134 kwa 86. Daktari hakupiga makofi. Alisema tuendelee kupima, na kama itapanda tena nitameza vidonge bila ubishi. Nilikubali. Sitaki kusema chakula peke yake kilifanya kazi yote, maana nilianza pia kutembea kutoka ofisini mpaka kituo cha mbali, nikapungua kilo 6. Lakini najua nilipoanzia.

Juni 2025 mzee alikuja Dar kwa ajili ya kliniki. Tukatoka hospitali saa saba, nikamwambia twende tukale samaki. Akakataa. Nikadhani amechoka. Kumbe tangu 2016 hajawahi kukaa hotelini kula. Mkono wa kulia haushiki, na yeye ni mtu wa zamani, anaona aibu kula kwa kushoto mbele za watu. Miaka tisa! Mtu aliyekula hotelini maisha yake yote. Nami nilikuwa nimeandika habari ngapi za kiharusi bila kulijua hilo?

Tulikaa meza ya pembeni, mgongo wake kwa watu. Nikaomba kijiko, nikamtolea miiba. Binti wa kuhudumia alipoleta samaki wa kuchoma, ugali na mchicha, mkono ukaenda kwenye kichupa cha chumvi. Wa mzee, si wangu. Akakishika, akakitazama, akakisogeza mpaka ukingoni mwa meza.

"Binti," akasema, kwa ile sauti yake inayovuta maneno sasa, "hiki kawape wengine."

Tukala. Alimaliza samaki wote. Tulipokuwa tunanawa akaniuliza presha yangu imefika ngapi. Nikamwambia asubuhi ilikuwa 132 kwa 84. Akatikisa kichwa taratibu.

"Usiache kupima kwa sababu umejisikia mzima, baba. Mimi nilijisikia mzima."

Wadau, mimi nimesema yangu. Leo mchana ukikaa kwenye benchi, onja kwanza kabla ya kuongeza. Na kama hujawahi kupima, kapime, hata kama ni kwa ajili ya picha tu.

Nitarudi.