Pima Mguu Kabla ya Kununua Baiskeli



Je, umeweka akiba ya kununua baiskeli? Kama umeweka, nakupongeza. Baiskeli haili majani, wala hainywi petroli. Hubeba mtu, gunia, ndoo ya maji, na hata mgonjwa. Lakini kabla hujaenda dukani, sikiliza kisa changu.

Mimi ni mkulima wa pamba katika wilaya ya Maswa. Mwaka 1986, baada ya kuuza pamba, nilikwenda Shinyanga mjini kununua baiskeli. Nusu ya fedha ilikuwa ya mke wangu, Mama Kulwa. Aliipata kwa kulima karanga. Asubuhi ile aliniambia, "Baba Kulwa, twende wote nikaione." Nilimjibu, "Mambo ya baiskeli ni ya wanaume. Wewe baki na watoto."

Dukani niliipenda baiskeli moja ndefu, nyeusi, inayong'aa. Fremu yake ilikuwa ya inchi 24, tena yenye vyuma viwili vya juu. Muuzaji aliniuliza, "Mzee, utaimudu?" Mimi ni mfupi, lakini niliona haya kusema. Nikalipa.

Majuto ni mjukuu. Kila niliposimama njiani, miguu haikufika chini vizuri. Ilinibidi kutafuta jiwe au kichuguu cha kukanyagia. Mama Kulwa alijaribu kuipanda mara moja tu. Vyuma vya juu vilimzuia, akaanguka, kanga yake ikachanika. Hakujaribu tena.

Mwaka uliofuata nilisafiri kwa lori kwenda Mwanza. Usiku huo mtoto wetu Doto alishikwa na homa kali, akaanza kupata degedege. Zahanati ilikuwa umbali wa kilometa 14. Mama Kulwa alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa miguu gizani. Baiskeli ilibaki nyumbani, imeegemezwa ukutani.

Doto alipona. Niliporudi, mke wangu hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Baba Kulwa, baiskeli ile ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Tuliiuza, tukaenda mjini pamoja kununua nyingine. Safari hii tuliuliza na kupima. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, jua ukubwa. Muuzaji akisema inchi 28 au inchi 26, mara nyingi anataja magurudumu. Wewe uliza pia inchi za fremu. Fremu hupimwa kutoka pale pedeli zinapozungukia mpaka juu ya bomba linaloshika kiti. Inchi moja ni kama sentimeta mbili na nusu. Kwa hiyo fremu ya inchi 24 ni kama sentimeta 61, na ya inchi 20 ni kama sentimeta 51.

Pili, pima mwili wako. Simama huku chuma cha juu kikiwa kati ya miguu yako. Nyayo zote mbili zikanyage chini, na ibaki nafasi ya vidole vitatu juu ya chuma hicho. Kisha kaa kwenye kiti, mwenzako akushikilie. Weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila wewe kuinama upande. Kiti huweza kupandishwa au kushushwa, lakini fremu haipunguzwi.

Tatu, fikiri nani ataitumia. Kama mtaitumia watu wawili, mpimeni aliye mfupi. Fremu isiyo na chuma cha juu humfaa anayevaa kanga au kitenge. Lakini kwa mizigo mizito sana, fremu yenye chuma cha juu ni imara zaidi. Sisi tulichagua isiyo na chuma cha juu, ya inchi 20. Magunia mazito tuliyaachia mkokoteni wa ng'ombe.

Nne, fikiri njia yenu. Siku hizi ziko baiskeli za gia nyingi. Gia husaidia sana kupanda milima. Lakini zinahitaji matunzo, na vipuri vyake si kila mahali hupatikana. Kwenye nchi tambarare kama kwetu, baiskeli isiyo na gia inatosha. Muulize fundi wa kijijini kwenu: je, vipuri vya baiskeli hii anavyo?

Tano, kagua kabla ya kulipa. Inua gurudumu ulizungushe. Likiyumba huku na huku, mwambie fundi alinyoshe. Bonyeza spoki uone kama zimekaza. Sukuma baiskeli, kisha kamata breki. Isiposimama, usiipokee.

Mama Kulwa alijifunza kuendesha kwa muda wa wiki mbili. Baada ya hapo aliipeleka baiskeli sokoni, kisimani na zahanati, wala hakusubiri nirudi safari.

Doto sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Juzi alikuja kuniuliza, "Baba, ninunue baiskeli gani?"

Sikumtajia aina yoyote. Nilimwambia, "Nenda dukani pamoja na mke wako."