Fidia Si Sadaka

 Katika kurasa hizi tumezoea habari za mitihani na michezo. Leo naomba nafasi niseme juu ya watu wanaotupikia, wanaotupasulia kuni na wanaotulinda usiku. Watu hawa huumia kazini, na wengi wao hunyamaza.

Habari hizi nazijua kwa kuwa baba yangu alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni, mbali na hapa. Mwaka 2012, alipokuwa akisonga posho ya mchana, aliteleza mbele ya meko na maji ya moto yakamwagikia mkono wa kulia. Alilazwa hospitali wiki mbili. Kovu likauvuta mkono hata vidole viwili havikukunjuka tena.

Shule ile ililipa gharama za hospitali, ikamletea kilo 10 za sukari, kisha shauri likahesabiwa kuwa limekwisha. Mtunza fedha alisema kwamba maji yaliyomtelezesha baba, baba mwenyewe ndiye aliyeyamwaga. Baba hakubisha. Kwake yeye, aliyeteleza kwa maji yake hana la kudai. Tena aliogopa kwamba akidai atafukuzwa, na karo yangu ilitoka katika mshahara ule ule.

Aliyetufumbua macho ni jirani yetu, karani mstaafu wa mahakama. Alitueleza kwamba Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, nayo yawahusu wafanyakazi wa serikali na wa watu binafsi pia. Mfanyakazi akipata ajali iliyotokana na kazi yake, akiwa kazini, mwajiri hana budi kumlipa fidia, hata kama ajali ililetwa na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe.

“Mzee mwenzangu,” akamwambia baba, “jikoni maji humwagika kila siku. Shule inayopata faida ya kazi yako ndiyo ibebe na hatari yake. Hiyo ni haki yako, wala hutaombi sadaka.”

Kisha akatufundisha hesabu yake. Mtu asiyeweza tena kufanya kazi yo yote hulipwa mshahara wa miezi 60. Aliyepoteza sehemu tu ya nguvu zake hupimwa na daktari, akapata sehemu ya fedha hizo kwa kadiri ya asilimia aliyopungukiwa. Mfanyakazi akifa, wale waliomtegemea kabisa hulipwa mshahara wa miezi 60. Lakini sheria yataka mwajiri apewe taarifa ya ajali ndani ya mwezi mmoja, na sisi tulikuwa katika siku ya 23.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi nyumbani likizo. Usiku ule niliandika barua: jina la baba na kazi yake, siku na saa ya ajali, mahali ilipotokea, namna alivyoumia, na majina ya wapishi wawili walioona. Sikutia lawama hata moja. Baba akatia dole gumba la mkono wa kushoto. Barua ikapelekwa shuleni, na nakala kwa Afisa Kazi wa wilaya.

Daktari alimpima baba akaandika asilimia 20. Mshahara wake ulikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni shilingi 9,000,000, na asilimia 20 yake ni shilingi 1,800,000. Zililipwa baada ya miezi saba. Baba hakufukuzwa, alihamishiwa ghalani, akawa mpimaji wa maharagwe.

Jirani zetu nao wana njia zao. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007, na Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2008, ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao waajiri huuchangia.

Basi, wakubwa wetu mlio sasa walimu wakuu na watunza fedha, tafadhali wakatieni watu wenu bima kama sheria itakavyo, na wekeni daftari la ajali jikoni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na jeraha ni vivyo hivyo. Nasi tulio bado darasani, tusidhani kwamba elimu yetu ni ya mtihani peke yake. Mpishi akiungua, mwulizeni kama ajali yake imeandikwa. Kama haijaandikwa, mwandikieni barua kabla ya mwezi kwisha.