Treni ya usiku kwenda kwenye theluji

Ndugu msomaji, wewe mzazi na wewe kijana, nakualika safari. Chukua kitenge cha kujifunika usiku, kikombe chako, na uvumilivu wa siku nyingi. Tunatoka Lubutu, tunakwenda kuona theluji.

Utacheka. Lubutu na theluji, wapi na wapi? Hapa tuko karibu na mstari wa ekweta, ndani ya msitu, na baridi yetu kubwa ni ile ya mvua ya saa kumi za usiku. Mimi pia nilicheka siku binti yangu wa miaka kumi aliponiuliza. Tulikuwa tunatoka kanisani. Mhubiri alikuwa amesoma Zaburi ya 51, na humo mna neno hilo.

“Papa, theluji ni kitu gani?”

“Ni barafu nyeupe, inaanguka toka juu sawa mvua.”

“Ulishaka kuiona?”

Nikanyamaza. Miaka mingi nimesoma neno lile mbele ya watu, na macho yangu hayakuwahi kuona kitu chenyewe. Mtoto anajua barafu ya friji ya muuza vinywaji sokoni tu. Mimi nilijua kama yeye.

Katika nchi za Ulaya watu hupanda treni jioni, wanalala ndani, na asubuhi wanashuka milimani wakateleze juu ya theluji na mbao mbili ndefu zilizofungwa miguuni. Wafaransa wanaziita ski. Nilikuwa nimeona picha yao katika kalenda ya ukutani. Nikajiuliza: Je, Afrika yetu haina treni ya usiku inayofika kwenye theluji? Iko, ndugu yangu.

Utasema Kongo tuna Ruwenzori, mpakani na Uganda, mita 5109. Ni kweli. Lakini upande wetu hakuna reli. Upande wa Uganda reli ilifika Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe, lakini treni za abiria za njia ile zilikwisha zamani. Kwa hiyo tunakwenda Kilimanjaro.

Mwaka 2023 mtoto wa dada yangu alikuwa anamaliza masomo Moshi, huko Tanzania. Familia ikachanga feza, wakanituma niwakilishe. Wiki ile ile vijana wawili walinijia na mpango. Nyuma ya kiwanja chetu kuna kijito, na kwenye kichwa chake kuna miti mikubwa. Walikuwa wameosha mchanga wake kidogo, wakaona zahabu. Wakaomba ruhusa ya kukata miti na kuchimba, nami nipate sehemu moja kwa tatu. Nikawaambia: “Ngojeni nirudi.” Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kukubali. Karo ya shule ya watoto wanne, nani hajui uzito wake? Weka jambo hilo katika mfuko wako, tutalirudilia.

Mpaka Kindu

Toka Lubutu unapanda pikipiki, unavuka mto Lowa, unapita Punia. Kama mvua haikunyesha, mshukuru Mungu. Kama imenyesha, utashuka usukume pamoja na dereva. Njiani utakutana na vijana wanasukuma kinga zenye mafuta ya mawese, na wengine wanarudi kwenye mashimo ya kasiterite. Unafika Alunguli, ng'ambo ya kuume ya Lualaba, halafu pirogi inakuvusha mpaka Kindu mjini. Gare iko upande huo.

Kwa nini reli ilianzia Kindu? Ni sababu ya mto. Kati ya Ubundu na Kindu boti zinapita vizuri. Lakini juu ya Kindu, kwenda Kongolo, mawe na maji makali yanakataza boti. Kampuni ya Mbelgiji Empain, iliyoundwa mwaka 1902, ikajenga reli palipo na mawe, na mahali mto unapopitika ikaacha boti. Kipande cha Kindu mpaka Kongolo ni kilomita 355 hivi, na wababu zetu ndio waliobeba mataruma yake. Vita ya mwaka 1998 ilifunga njia ile miaka mingi. Mwaka 2004 treni ya kutoka Lubumbashi ilipoingia tena Kindu, watu walishangilia kama harusi, maana bei ya chumvi na sabuni ilikuwa imepanda sana.

Treni yetu haina haraka. Inakwenda polepole kupita Kibombo na Samba, na katika kila gare akina mama wanaleta sombe, samaki wa kukaushwa, ndizi, muhindi wa kuchoma. Usiku ukiingia, ndani ya behewa mnakuwa kijiji kimoja. Mama fulani alimlaza mtoto wake juu ya miguu yangu bila kuniuliza, na mimi sikuuliza pia. Mwingine alianza wimbo, behewa nzima likaitika. Ukifika Kongolo utaona daraja la chuma juu ya Lualaba. Tazama vizuri, ni kazi kubwa.

Kijana, sikiliza neno hili. Usipande juu ya paa, wala usijifiche ndani ya mabehewa ya mizigo kwa kuokoa feza ya tikiti. Mwezi wa tatu mwaka 2022 treni ya mizigo ilianguka bondeni katika jimbo la Lualaba, watu 75 hivi wakafa. Wengi wao walikuwa wamepanda namna hiyo. Tikiti inapanda bei, ni kweli, lakini jeneza liko bei zaidi.

Ziwa, na reli ya pili

Kabalo unabadili treni, unakwenda mashariki kupita Nyunzu mpaka Kalemie. Hapo unashuka kwenye Ziwa Tanganyika. Oga, pumzika, kula ndakala. Halafu tafuta boti ya Kigoma. Zamani Wabelgiji walipitisha mizigo ya Kongo kwa njia hii hii mpaka Dar es Salaam kwenye bahari. Kwa hiyo njia tunayofuata ni ya wazee.

Reli ya Kigoma ilijengwa na Wajerumani, ikafika ziwani mwaka 1914. Ni kilomita 1250 hivi mpaka Dar es Salaam, kupita Tabora, Dodoma na Morogoro. Unalala ndani, unaamka, unalala tena. Nchi inakauka mbele ya macho yako: miti inakuwa mifupi, udongo mwekundu, ng'ombe wengi. Mimi mtoto wa msitu nilishangaa kuona mbali namna ile.

Ndani ya treni hiyo nilifungua kinywa, nikasema: “Niko naenda kuona theluji.” Jirani yangu akacheka: “Kaka, wewe umetoka Kongo!” Kiswahili chetu kilinisaliti, lakini kilininunulia rafiki pia. Toka hapo chai nilikunywa bure mpaka Dar es Salaam.

Asubuhi ya Moshi

Sasa ndiyo ile treni ya usiku niliyokuahidi. Treni ya abiria ya Dar es Salaam mpaka Moshi ilikuwa imekufa zaidi ya miaka 20, ikarudi mwezi wa 12 mwaka 2019. Inatoka Dar es Salaam mchana, inalala njiani, asubuhi inakaribia Moshi. Kaa upande wa kuume, karibu na dirisha.

Niliamka kabla ya jua. Kwanza sikuona kitu, ni mawingu tu. Mzee aliyekaa mbele yangu akaniambia: “Usitazame hapo. Tazama juu.” Nikainua macho. Juu ya mawingu, mahali nilipodhani ni mbingu tu, palikuwa na mlima, na juu ya mlima rangi nyeupe, kama shuka iliyoanikwa. Jua likaigusa, ikawa ya rangi ya waridi, halafu nyeupe tena. Nilivua kofia yangu bila kujua. Nilimkumbuka mtoto wangu, machozi yakanitoka.

Kilimanjaro ina mita 5895, hakuna mlima Afrika unaopita huo. Watu wa kwanza kuandikwa kwamba walifika kileleni ni Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller, mwaka 1889. Reli toka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Na mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda na mbao zao za ski, wakateleza juu ya theluji ya Kilimanjaro. Unaona basi, ile picha ya kalenda iliwahi kufanyika hapa kwetu Afrika.

Leo hutaweza kufanya kama wao. Mwaka ule ule 1912 barafu ya mlima ilipimwa, ikawa zaidi ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Wataalamu wanasema hewa ya kule ilianza kukauka tangu mwisho wa miaka ya 1800, mawingu yakapungua, na sasa joto la dunia linaongeza. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu ya Kilimanjaro, ya Mlima Kenya na ya Ruwenzori yetu inaweza kuisha kabla ya mwaka 2050. Binti yangu atakuwa hajafika miaka arobaini.

Maji yanatoka wapi

Kupanda mpaka kileleni ni siku tano au sita, na gharama yake inapita dola elfu moja. Mimi sikuwa nayo. Nililipia siku moja tu, toka mlango wa Marangu mpaka nyumba za Mandara, mita 2700 hivi. Aliniongoza mzee mmoja Mchaga, mpole, mwenye fimbo.

Nilidhani nitaona mawe na baridi. Nikakuta msitu! Miti mikubwa yenye ndevu za kijani, maji yanadondoka kila mahali, nyani wanaruka. Nikasema: “Mzee, hapa ni kwetu Lubutu.” Akacheka.

Tulipofika kwenye kijito nikainama nijaze chupa. Nikamwambia: “Nitampelekea binti yangu maji ya theluji.”

Akatikisa kichwa. “Hayo si ya theluji, ndugu yangu. Wageni wote wanafikiri hivyo. Ile nyeupe kule juu inatoa kidogo sana. Mito ya mlima huu inalishwa na mvua na ukungu unaoshikwa na msitu huu. Theluji ikiisha tutalia, maana ni uzuri wetu. Lakini msitu ukiisha tutakufa kiu.”

Baadaye nilisoma, na wataalamu wanasema vivyo hivyo. Huko chini, migomba na kahawa ya Wachaga inanyweshwa na mifereji waliyochimba wazee wao zamani sana, na maji yake yanatoka msituni. Nilikuwa nimesafiri wiki tatu kutafuta kitu cheupe, na mzee yule akanionyesha kitu cha kijani nilichokiacha nyuma ya nyumba yangu.

Kurudi

Nilirudi njia ile ile. Sitakuchosha nayo. Binti yangu alinipokea mbio: “Papa, uliiona?” Nikamwambia: “Niliiona kwa macho, mkono haukufika.” Nikampa ile chupa, nikamweleza maneno ya mzee. Tukaenda wote kwenye kichwa cha kijito chetu, tukaketi chini ya ile miti. Alinywa kidogo ya Kilimanjaro, halafu kidogo ya kwetu. Akasema: “Ni sawasawa.”

Wale vijana wawili walikuja kesho yake. Nikawakatalia. Sikuwatukana, maana wana njaa, na mimi pia nilikuwa nimeitamani zahabu ile. Mmoja akaniuliza: “Mzee, sasa watoto wako watalipiwa na miti?” Swali lake ni zuri, na sina jibu kamili. Mwaka ule mtoto wangu mmoja alifukuzwa shule miezi miwili sababu ya karo, mpaka nilipouza nguruwe. Siwezi kukudanganya kwamba haikuniuma. Lakini nyumba tisa zinachota maji pale, na hakuna atakayetuuzia kijito kingine.

Mpendwa msomaji, sisi wa Lubutu tuna mbuga ya Maiko karibu, iliyoundwa mwaka 1970, yenye okapi na sokwe wakubwa. Tuna msitu ambao watu wa nchi kavu wanauota. Uchimbaji unalisha familia zetu nyingi, na sisemi uachwe. Nasema, kabla ya kuchimba, uliza maji yanatoka wapi.

Na ukipata nafasi, panda ile treni. Ile nyeupe haitakungoja sana.

Mzungumze nyumbani

1. Kijito au kisima tunachochotea maji kinalindwa na nini? Nani anakitunza?
2. Kama mchimbaji angetuletea mpango juu ya uwanja wetu, tungejibu nini, na karo tungeipata wapi?
3. Wazee wa nyumba hii walisafiri mbali kwa njia gani? Waombeni wasimulie.